Kikonyo cha Boga la Mchafukoge

Ignasi aliliona doa siku ya Jumatano, saa moja asubuhi, zikiwa zimebaki siku kumi kamili kabla ya mtaa mzima kuja kulikagua boga lake. Lilikuwa doa dogo tu, rangi ya chai ya maziwa, limekaa pale kikonyo kinaposhikana na boga, kwenye kile kishimo cha juu. Akalibonyeza kwa kidole gumba. Kidole kikazama mpaka kwenye kucha. Akakitoa, akakinusa, akakifutia kwenye suruali, halafu akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakupiga kelele. Mtu aliyeuza dawa za mimea kwa miaka kumi na tisa anaona aibu kupiga kelele mbele ya ugonjwa, hata akiwa peke yake juu ya paa.

Ngoja niwaeleze hilo boga vizuri, maana kuna watu ukiwaambia boga wanafikiria nazi na iliki na futari ya Ramadhani. Futeni hayo. Hili lilikuwa boga ambalo watu wazima wawili wangeweza kulikalia, wakagombana, wakapatana, na wasigusane viwiko. Lilikuwa limelala juu ya chaga la mbao, na mche wake umetoka kwenye tangi bovu la maji lililokatwa katikati na kujazwa udongo. Udongo huo Ignasi aliupandisha mwenyewe kwa ndoo, ghorofa nne, na nyumba haina lifti. Mgongo wake haujamsamehe mpaka leo.

Nyumba ni ya Bi Mauza, mjane wa Kiarabu wa miaka sabini na sita, anayekaa ghorofa ya nne, mlango wake unatazamana na ngazi ya kupandia kwenye paa. Chini kabisa, upande wa barabarani, ndipo lilipo duka la Ignasi: mbegu, mbolea, dawa, mabomba ya kupulizia. Ignasi mwenyewe ni mtu wa Masasi, ana miaka hamsini na tano, na si msemaji ila akiwa anauza. Bi Mauza hushuka mara moja kwa siku, saa nne asubuhi, akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na kaunta, akanywa kahawa yake, akasikiliza watu wakiuziwa, kisha akapanda tena. Amefanya hivyo tangu mumewe afariki. Hajawahi kununua hata mbegu ya mchicha.

Sasa, boga lilifikaje juu ya paa? Lilipelekwa na hasira. Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, Ignasi alileta mbegu za maboga makubwa, pakiti zina picha ya boga na mtoto amekaa juu yake anacheka. Zilinunuliwa kama karanga. Mwezi wa tatu mwaka huu akaingia mwanamke mmoja kutoka Mkuranga, anaitwa Kijakazi, ana kiroba begani. Akakiinamisha juu ya kaunta. Zikatoka kamba kamba za mche uliokauka, na kitu kimoja cheusi ambacho zamani kilikuwa boga.

"Mbegu zako feki," Kijakazi alisema. Alisema hivyo mbele ya wateja sita.

"Mama, hukuyatunza," Ignasi akajibu.

"Nimeyatunza kuliko wanangu. Yalifika ukubwa wa sufuria ya wali, yakaoza vikonyo, yakakatika. Yote kumi na moja. Utaniambia nini?"

Ignasi hakumwambia kitu cha maana. Alimwambia kwamba mbegu zake hazijawahi kuwa feki, jambo ambalo kila mwenye mbegu feki pia husema. Na ng'ambo ya barabara, mlangoni pa duka lake, alikuwa amesimama Haruna, naye muuza pembejeo, mtu wa miaka arobaini mwenye sauti ya kutangazia mpira. Haruna hakuongeza hata neno moja la uongo, tusimwonee. Alirudia tu aliyoyasikia, kwa kila aliyepita, kwa wiki mbili. Halafu akatundika kibao: MBEGU HALISI ZIPO HUKU, SIYO NG'AMBO.

Mjini hapa unaweza kuitwa bahili, ukaitwa mkorofi, ukaitwa hata mchawi, na duka likaendelea. Lakini muuza mbegu akiitwa feki amekwisha. Shati mteja atalivuta aone kama linachanika. Mbegu ataivutaje? Anaangalia mdomo wako, anaondoka na imani. Ignasi aliona wateja wa miaka kumi wakipita mlangoni pake macho mbele kama hawamjui, wanavuka barabara. Kilimuuma mpaka akawa halali. Siku moja akatoka, akasimama katikati ya barabara, akala kiapo kwa Bikira Maria na watakatifu wote wa Ndanda kwamba atapanda pakiti ile ile, juu ya paa, na Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane kila mtu aje aone.

"Tulione likiwa bado kwenye mche, mzee wangu," Haruna akapaza sauti. "Tusije tukaletewa boga la kununua!"

"Likiwa kwenye mche," Ignasi akasema.

Ndiyo maana lile doa lilimkalisha kwenye ndoo. Kikonyo kikioza, boga linakatika. Boga likikatika, hata liwe na ukubwa wa gari, Haruna atasema limenunuliwa, na watu wataamini, na baada ya hapo Ignasi arudi Masasi akawaambie nini ndugu zake?

Alishuka dukani akachukua wembe mpya, spiriti, na unga wa salfa. Salfa anaijua tangu utotoni, kwao ndiyo inayopulizwa kwenye mikorosho mpaka kijiji kizima kinanuka kiberiti. Akarudi juu. Akakwangua pale palipooza, taratibu, uzi kwa uzi, mpaka akafika kwenye nyama ya kijani iliyokuwa ngumu na nzima. Akapangusa kwa spiriti. Akaacha pakauke, akapaka salfa mpaka kishimo chote kikawa cha njano. Halafu akachukua feni ya dukani, akaomba umeme kwa Bi Mauza, waya ukapitishwa chini ya mlango wake, feni ikaelekezwa kwenye kidonda.

"Shikamoo, Bi Mauza. Samahani kwa usumbufu wa waya."

"Marahaba, mwanangu. Boga lina joto?"

"Lina kidonda. Kikonyo kinaoza."

Bi Mauza akashika kifua. "Nani ameliona?"

"Mtaa mzima umeliona, Bi Mauza. Kila siku wanapanda."

"Ndicho nilichokuwa nakiogopa," Bi Mauza akasema, akaingia ndani, akafunga mlango.

Ignasi hakulitilia maanani. Alikuwa anawaza kuvu.

Ijumaa asubuhi alipanda akiwa na matumaini, na matumaini yalikuwa na sababu: mvua haijanyesha tangu mwezi wa sita, jua linawaka, feni inazunguka, salfa ni ya kweli. Akainama. Salfa ilikuwa imekuwa uji. Kishimo kilikuwa kimelowa, na doa limepanuka upana wa kifuniko cha soda. Ignasi akatazama juu. Anga ilikuwa nyeupe, haina hata wingu la kusingizia. Akatazama mpira wa maji. Ulikuwa umelala pale pale kwenye udongo ulipolala tangu mwezi wa nne, kwa sababu mgongo wake haumruhusu kuunyanyua. Akamshuku paka. Akamshuku kunguru. Akamshuku hata umande, ingawa umande wa mwezi wa nane Mchafukoge haujazi hata jicho la sindano.

Akakwangua tena. Safari hii akachanganya mrututu na chokaa, ile dawa ya bluu ya wazee, akaipaka nene. Akafunga mwavuli juu ya boga kwa waya. Mwavuli ulikaa mpaka adhuhuri, upepo wa baharini ukaung'oa, na watu walioshuhudia wanasema mara ya mwisho ulikuwa unaelekea Mchikichini, ambako bila shaka ulipata mteja.

"Vipi mgonjwa?" Bi Mauza aliuliza alipokuwa anashuka.

"Amezidi."

"Lahaula. Usikate tamaa, mwanangu. Na mimi sijakaa bure."

"Asante, Bi Mauza." Alidhani anazungumzia dua.

Jumapili hakwenda kanisani. Mnisamehe kwa kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alikwenda juu ya paa, na juu ya paa alikuta bluu yote imeoshwa, imechuruzika ubavuni mwa boga kama machozi ya mtu aliyepaka wanja. Kikonyo, ambacho mwanzo kilikuwa kinene kama mkono wake kwenye kiwiko, sasa upande mzima ulikuwa ute wa kahawia. Jumatatu kilibaki unene wa vidole vitatu. Ignasi alikwangua kwa pupa. Wembe ulimkata, damu ikadondoka kwenye boga, akaipangusa kwa spiriti, akapaka salfa kwenye boga na kwenye kidole chake kwa pamoja. Alitaka kulia, na kwa kuwa hakuna mtu aliyekuwepo, alilia kidogo. Halafu akajipangusa, akashuka, akamwambia Bi Mauza kwamba limezidi zaidi.

"Zaidi?" Bi Mauza akasema. "Basi hiki si kijicho cha kawaida. Nitajua la kufanya."

Ignasi akili yake ilikuwa imeshavuka barabara. Asubuhi hiyo Haruna alikuwa amemsalimia kwa uchangamfu usio wa kawaida. "Mzee wangu, mambo? Jumamosi tunapanda, eeh? Nimeshamwambia hata shemeji yako avae viatu vya ngazi!" Mtu anachangamka hivyo kwa nini, kama hana anachokijua? Anapanda lini? Anamwaga nini? Ignasi alimtazama kutwa nzima kupitia mlangoni. Haruna aliuza mbegu za nyanya, akala ndizi, akasoma gazeti. Ukimtazama mtu kwa hasira, hata kula ndizi kwake kunaonekana ni njama.

Jumanne Ignasi alifunga duka saa tisa na nusu alasiri, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya msiba wa baba yake mkwe. Akapanda polepole bila viatu. Akajibanza nyuma ya tangi la maji la nyumba, mkononi ameshika bomba la kupulizia dawa, tupu, kwa ajili ya kumpigia Haruna. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Ikapita kama nusu saa. Jua lilimpiga kisogoni, jasho likamwingia machoni, na alikuwa anafanya mazoezi moyoni ya maneno atakayomwambia.

Akasikia hatua. Moja. Kimya. Nyingine. Kimya. Ni mtu anayepanda huku anapumzika kila ngazi. Mlango ukasukumwa, akatokea Bi Mauza, kajitanda mtandio, mkononi ana mrashi wa fedha, kile kichupa cha kunyunyizia marashi.

Alikwenda moja kwa moja kwenye feni, akaizima. Akaliendea boga, akaweka kiganja juu yake, akasoma kimya kimya, midomo inacheza, kisha akalipulizia. "Mashaallah, mashaallah, mashaallah," akaliambia. Halafu akaufungua mrashi kichwa chake chote, akaumimina. Hakunyunyiza. Alimimina, taratibu, ndani ya kishimo, mpaka marashi yakajaa yakafika ukingoni. Akatazama kazi yake, akaridhika, akawasha feni.

Ignasi akatoka nyuma ya tangi na bomba lake. Bi Mauza alimtazama kuanzia miguuni mpaka kichwani.

"Ignasi. Umejificha nyuma ya tangi langu na nini hicho?"

"Bomba."

"La nini?"

"Bi Mauza, unafanya hivi tangu lini?"

"Tangu lilipozidi ukubwa wa mto wa kulalia. Kitu kizuri namna hii, watu wanapanda wanaduwaa, hakuna hata mmoja anayesema mashaallah, wanapiga picha tu. Unataka nikae nitazame? Mwanzo nilikuwa nanyunyiza mara moja kwa siku. Uliponiambia lina kidonda, nikaongeza, asubuhi ukiwa dukani na baada ya alasiri. Uliponiambia limezidi, nikazima feni kwanza, maana ilikuwa inapeperusha marashi. Na jana uliponiambia limezidi zaidi, nikaacha kunyunyiza, nikawa namimina."

Ignasi alirudi kwenye ndoo yake. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na kicheko. Siku sita amekwangua na kutia dawa, na kila alipokwenda kutoa taarifa, dozi ya upande wa pili iliongezwa.

"Ni maji, Bi Mauza," alisema mwishowe. "Maji yakituama pale juu, kuvu anakula kikonyo. Ndiyo ugonjwa wenyewe. Hakuna mwingine."

"Marashi si maji."

"Ndani yake ni maji."

"Haya yametoka Taif, Ignasi."

"Hata yangetoka peponi, Bi Mauza, yakituama yanaozesha."

Bi Mauza akalitazama boga. Akautazama mrashi. Mabega yake yakashuka, akawa mdogo kuliko alivyopanda. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuozeshea, mwanangu. Kwa mkono wangu. Nilitaka kukulinda wewe." Na machozi yakamtoka, bila sauti, akayafuta kwa ncha ya mtandio. Ignasi akainuka akamsogezea ndoo, naye akakaa.

Kisha Bi Mauza akainua kichwa.

"Lakini kama maji ya juu yanaozesha," alisema, "mbona yule mama wa Mkuranga ulimwambia alioshe kwa juu? Nilikuwepo. Nimekaa kwenye kile kiti, kahawa mkononi. Alikuuliza, nalitunzaje? Ukamwambia, kila jioni jua likizama, limwagie maji juu, lioge, lipoe. Nikasema moyoni, hata boga linataka kuoga."

Ignasi alifungua mdomo ili akatae, na hapo akakumbuka.

Lazima mwelewe jinsi biashara hii inavyokwenda. Mteja wa Kariakoo ukimuuzia mbegu ukanyamaza, anaona umempunja. Anasimama pale, pakiti mkononi, anakutazama. Anataka sharti. Umwambie apande mwezi ukiwa mchanga, asipite shambani na viatu, chochote, ili akifika kwao awe na la kusema. Wenye maduka wote wanalijua hilo na wote wana masharti yao. Maboga makubwa yalipokuja, Ignasi alikuwa hajawahi kulima boga, la ukubwa wowote. Akatunga sharti la kuoga kwa sababu lilipendeza kusemwa. Wanawake walicheka walipolisikia. Amewaambia watu wangapi? Pakiti zilikuwa mia mbili. Na boga lake mwenyewe halikuoga kwa sababu moja tu, kwamba mgongo ulikuwa unamuuma.

"Mimi ni mzee, Ignasi," Bi Mauza akasema, akiinuka. "Masikio yangu hayana kazi. Huenda nilisikia vibaya." Akashuka na mrashi wake chini ya mtandio, na Ignasi akabaki na feni.

Siku nne zilizofuata alilitibu boga kama mtu anayelipa deni kwa Mungu. Alikwangua kwa mara ya mwisho, akaacha jua likaushe kidonda, akapaka salfa, feni usiku na mchana. Safari hii unga ulibaki unga. Alhamisi kidonda kilikuwa kikavu, kimekakamaa kama gaga la kisigino. Kilichobaki kwenye kikonyo kilikuwa vidole viwili, lakini vidole viwili vizima, vya kijani. Lilikuwa linashikilia. Bi Mauza alihamishia kiti chake kwenye ngazi, akawa anawapekua watu. Alimnyang'anya fundi umeme chupa ya maji ya kunywa.

Jumamosi walikuja. Walipanda kumi kumi, Bi Mauza akiwavulisha viatu kama wanaingia msikitini, na akiwasemesha mashaallah mmoja mmoja kabla hajawapisha, Wakristo kwa Waislamu. Haruna alipanda na kundi la kwanza. Alipiga magoti, akaushika mche penye udongo, akaufuata kwa mkono, hatua kwa hatua, mpaka kwenye kikonyo. Akaangalia kama kuna gundi. Akaangalia kama kuna waya. Akaliegemea boga, akaligonga kama mlango, akasikiliza.

"Ni lenyewe," Haruna akasema, akainuka, akajipangusa magoti. "Mzee wangu, naomba radhi. Kibao nakishusha leo hii." Na akashuka kweli akakishusha, akarudi nacho kwapani ili watu wakione, maana Haruna hata akishindwa anapenda kutazamwa.

Vigelegele vilipigwa. Wateja waliokuwa wanapita macho mbele sasa walimshika Ignasi mkono, wengine mara mbili. Mmoja aliuliza kama mbegu zimebaki. Ignasi aliitikia kila mtu, na kifuani mwake alisikia raha, siwafichi, raha ya mtu aliyerudishiwa jina lake.

Kijakazi alipanda na kundi la mwisho. Alivua ndala, akasema mashaallah alipoambiwa aseme, akasimama mbele ya boga mikono imening'inia. Hakuligusa. Watu waliokuwa wanapiga picha walimjua ni nani, wakampisha.

"Haya," alisema. "Nimeona. Nisamehe, baba. Nilikuita mwongo mbele za watu."

"Yamepita, mama," Ignasi akasema.

"Kumbe ni mkono wangu kweli. Nyumbani walisema tangu mwanzo. Mume wangu, Baba Anuari, alisema, wewe mkono wako una nuksi, ukigusa mbegu inakufa. Tangu mwezi wa tatu sipandi kitu. Wifi yangu ndiye anayepanda, mimi nawabebea maji tu. Niliposikia unaotesha boga nikasema, likimshinda huyu mwenye mbegu, basi si mimi." Akatabasamu kidogo kwa aibu. "Nimekuja leo nikiomba lisiwepo. Unisamehe na hilo pia."

Akageuka aende kuvaa ndala zake.

Bi Mauza, kwenye kiti chake mlangoni, alimtazama Ignasi. Halafu akaanza kuzikagua kucha zake, moja moja, kwa makini makubwa. Alikuwa ameshasema masikio yake hayana kazi, na Ignasi alijua ni mwanamke wa kushika neno. Hakuna mwingine aliyejua. Angenyamaza tu, basi. Angenyamaza mpaka yule mama ateremke ghorofa nne, na jina lake lingebaki safi kama lilivyokuwa dakika ile.

"Mama," Ignasi akaita. "Siku ile nilikuambia uyamwagilie vipi?"

Kijakazi akageuka. "Jioni. Juu kwa juu. Yaoge, yapoe."

"Ukafanya?"

"Kila jioni. Hata nilipokuwa na homa, nilijikongoja."

Haruna alikuwa mita mbili kutoka pale, kibao kwapani, masikio yake yote mawili yakiwa kazini.

"Ndicho kilichoyaua," Ignasi akasema. "Maji ya juu yanaozesha kikonyo. Hata hili langu lilioza, njoo uone kidonda, nimelitibu siku kumi. Lile sharti la kuoga nililitunga mwenyewe. Nilikuwa sijawahi kulima boga maishani mwangu. Mbegu ni za kweli, mama. Maneno yangu ndiyo yalikuwa feki. Wewe ulifanya kama nilivyokuambia, na ungefanya ovyo kidogo yangepona."

Haruna alifumbua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie mtaa ule hakikutoka kitu. Yule aliyekuwa ameulizia mbegu alitazama pembeni.

Kijakazi alisogea. Akainama juu ya kile kishimo, akakitazama kidonda kikavu na unga wake wa njano, kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo si mkono wangu?" akauliza.

"Si mkono wako."

"Rudia."

"Si mkono wako, mama. Ni mdomo wangu."

Hakumtukana. Ignasi alikuwa amejiandaa kutukanwa, na kwa kweli angeona nafuu. Alifungua fundo la khanga yake, akatoa simu ndogo ya vitufe, akabonyeza, akaiweka kwenye spika, akaisubiri iite huku ameishikilia mbele yake kwa mkono ulionyooka.

"Baba Anuari," alisema ilipopokelewa. "Kuna mtu hapa anataka kusema na wewe."

Ignasi akaipokea simu. Akajitaja jina, akasema yeye ni muuza mbegu wa Mchafukoge, akaeleza: maji, kikonyo, sharti la kutunga. Akamaliza kwa kusema mkewe hana nuksi yoyote. Upande wa pili walisikika kuku.

"Mtandao unakata," sauti ya mwanamume ikasema. "Sijakupata vizuri."

"Amekupata," Kijakazi akamwambia Ignasi. "Sema tena. Kwa sauti. Wifi yangu atakuwa hapo hapo jikoni."

Ignasi akasema tena, kwa sauti kubwa mpaka watu wa barabarani wakasimama wakatazama juu. Alipomaliza, akataka kumrudishia simu yake. Kijakazi hakuipokea. Alikuwa amekaa chini kwenye zege, mgongo ameuegemeza kwenye boga, macho ameyafumba, machozi yanamshuka na hayafuti.

"Bado," alisema. "Mama mkwe anarudi kutoka shambani saa hizi. Mwambie Baba Anuari amwite."

Ikasikika mtu akiitwa kwa mbali, mlango, hatua, sauti ya kikongwe ikiuliza kuna nini. Ignasi akakohoa, akaishika simu kwa mikono miwili, akaanza upya, kuanzia jina lake.